Mshairi Aliyekufa Ganzi

Mama alipofariki sikulia. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Ipole wamelisema vya kutosha, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili halikuhitaji kuja. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na kila aliyeingia uani kutoa pole aliliona.

Simu ilinikuta dukani kwangu Mtendeni, mjini Tabora. Nina steshenari ndogo. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nauza madaftari, na kwa wanaotaka, natunga mashairi ya harusi, ya kipaimara na ya mahafali. Mteja alikuwa amesimama mbele ya mashine akisubiri kopi za cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, akaniambia kwenye simu, "Dada ametutoka." Nikasema, "Haya." Nikamalizia zile kopi, nikazipanga, nikazibana, nikamrudishia mteja chenji yake na kumwambia karibu tena. Halafu nikafunga duka. Nilipofika stendi nikaona bado nimeshika stepla mkononi.

Kwenda Ipole unapita Sikonge, na siku hizi ni lami. Nilikaa dirishani nikatazama mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na mabani ya kukaushia tumbaku yakifuka moshi nyuma ya nyumba za watu. Nilikuwa nasubiri. Nilijiambia machozi yatakuja Sikonge. Basi likasimama Sikonge, watu wakanunua mahindi ya kuchoma, nami nikanunua, nikala yote mpaka gunzi. Nikasema basi, yatakuja nikiliona paa la nyumba. Paa nikaliona. Nikawaona wanawake wamekaa kwenye mikeka, na mama mdogo akanikimbilia analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu nizaliwe. Nikamshika, nikamwambia, "Pole, mama mdogo." Nilimpa pole kama jirani aliyepita njia.

Sikuwa nimejikaza. Watu hudhani asiyelia anajikaza, wakamsifu kwa moyo mgumu au wakamsema kwa roho mbaya. Mimi sikuwa na cha kukaza. Ni kama ukikalia mguu mpaka ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, lakini habari haifiki. Kwaya ya Moraviani iliimba mpaka sauti zikakauka. Nikatupa udongo wangu kaburini, nikapangusa mikono kwenye kitenge, nikarudi kusaidia kuosha vyombo.

Hapo kwenye vyombo ndipo mama mdogo aliponisema. Hakunitazama. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Kilio huanza mfiwa," akasema, "ndipo wa mbali wakaingia."

Mfiwa nilikuwa mimi, mtoto pekee wa mama. Wa mbali walikuwa wamekwisha kuingia, wamelia, wamechoka, wanatafuta sukari ya chai.

Siku hiyo alikosekana mtu mmoja, na kukosekana kwake kulizidisha uzito wa msiba. Mtani wa mama, bibi wa Kigogo, jirani yetu, aliyeolewa Ipole kabla mimi sijaenda shule, alikuwa kwao Dodoma akimuuguza mjukuu. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita Ugogo na mizigo vichwani, wakigombana na wenyeji juu ya maji, mpaka ugomvi ukageuka mzaha na mzaha ukawa undugu. Kazi ya mtani msibani ni kuharibu huzuni. Anaruhusiwa kumcheka marehemu, kuvaa nguo zake, kuwazuia wabeba jeneza, kufanya yote ambayo wengine tungepigwa kwa kuyafanya. Msiba wa mama haukuwa na mtani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kucheka, na walionitazama mimi walinitazama kwa macho makavu ya watu wasio na kitu kingine cha kutazama.

Kabla sijarudi Tabora ukoo ulikaa. Tukakubaliana kumaliza msiba baada ya watu kufunga marobota yao ya tumbaku, kwa maana kabla ya hapo hakuna mwenye nafasi. Kila mtu akapewa jukumu lake: nani alete mchele, nani atafute mbuzi, nani azungumze na mchungaji. Ikafika zamu yangu. Mama mdogo akasema, "Huyu ni mshairi. Atasoma shairi la mama yake."

Nikasema sawa.

"Si la kanisani na si la redioni," akaendelea. "La mama yako. Na kama huna neno la kumsema aliyekuzaa, basi usituletee tena hapa habari za ushairi. Utakuwa mtoa kopi kama watoa kopi wengine, na sisi tutajua."

Hakuwa anatania. Mama mdogo ni mtu wa haki. Angelisema hata kwa mwanawe mwenyewe. Alikuwa ananiuliza kama mimi ni mtoto wa dada yake au ni mgeni aliyekuja kula, na alitaka nimjibu mbele ya watu. Nilimwelewa vizuri sana. Nilielewa kila kitu siku zile, kwa kichwa.

Niseme jina hilo la mshairi nililipataje. Nikiwa msichana nilianza kutuma beti redioni, katika kipindi cha jioni ambapo mtangazaji alisoma mashairi ya wasikilizaji kwa kuyaghani. Shairi langu la kwanza lilihusu kuku wa jirani. Liliposomwa, muuza nyanya wa sokoni akaanza kuniita Mshairi, na tangu hapo Mtendeni hakuna anayetumia jina langu. "Mshairi, nyanya hizi hapa." "Mshairi, umeme umekatika na kwako?" Nimelizoea kama mtu anavyozoea kovu. Mama peke yake ndiye hakuwahi kuniita hivyo. Alisikiliza kila shairi langu, redio ameiweka sikioni, na likiisha alisema maneno yaleyale: "Umesema vizuri. Ila mtu sikumwona." Nilikuwa nakasirika. Nilimwambia shairi si picha ya pasipoti. Akacheka, akaenda kufunga mbuzi.

Nilirudi Mtendeni nikafungua duka. Watu walikuja kutoa pole wakiwa na karatasi zao za kutolewa kopi, nami nilipokea vyote viwili kwa mkono mmoja. Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili wa sekondari moja ya wasichana hapa mjini akanipigia kunikumbusha ahadi. Nilikuwa nimemkubalia, kabla ya msiba, kuja kuzungumza na wanafunzi wake juu ya maana na asili ya neno mshairi. Aliposikia yaliyonipata akasema tuahirishe. Nikamwambia hapana, niko sawa. Nilikuwa sawa mno, kiasi cha kuweza kuzungumza habari za neno lolote alilotaka.

Basi nikaanza kulitafuta hilo neno. Nilianza na jirani yangu, mzee anayefundisha madrasa mtaa wa nyuma, ambaye huja kila muhula kutoa kopi za mitihani ya watoto wake. Babu yake alikuja na msafara kutoka Oman akaoa hapahapa Unyanyembe, na mzee Kiarabu anakisoma, ingawa ugomvi wake wote anaufanya kwa Kinyamwezi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Pole tena na msiba."

"Nimeshapoa. Naomba kukuuliza, hivi mshairi asili yake ni nini?"

Akaweka miwani juu ya paji la uso. "Leo ndiyo unauliza? Umelivaa miaka yote hii, hujui lilikoshonwa?"

"Nilivishwa, sikushona."

"Haya. Shairi ni neno la Kiarabu, na mwenye kulisema anaitwa shair. Sasa watu hudhani mzizi wake ni kuimba, au kupanga vina. Sivyo. Mzizi wake ni kuhisi. Kutambua jambo kwa ndani, kulijua kabla hujaambiwa. Waarabu wa zamani walimwona huyo mtu anajua mambo ambayo hayajawafikia wengine, ndiyo maana wakamwita hivyo. Hisia yenyewe wanaiita shuuri. Ni ukoo mmoja."

"Na asiyehisi, huyo anaitwa nani?"

"Huyo ni mtu wa kawaida," akasema Maalim kwa furaha ya kupata jibu la haraka. "Huyo anatoa kopi."

Halafu akaona uso wangu, akakumbuka kwamba nimefiwa, akashika ndevu zake. "Astaghfirullah. Samahani, mwanangu. Ulimi hauna mfupa."

Nikamwambia hakuna neno, na kweli hapakuwa na neno. Nilikuwa nafikiria jinsi sentensi yake ilivyokaa vizuri. Nikampa kopi zake, akasahau chenji, nikamwita arudi aichukue.

Niliendelea. Kamusi ninayo dukani, imechakaa mgongo. Mtunzi anatoka kwenye kutunga, na kutunga nako ni kupitisha uzi kwenye shanga, moja baada ya nyingine. Samaki nao hutungwa kwenye kijiti. Hata jipu hutunga usaha. Niliwahi kusoma pia kwamba neno wanalotumia Wazungu walilichukua kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki maana yake ilikuwa mtengenezaji tu, mtu anayefanya kitu kiwepo, kama anavyofanya seremala. Hilo nililipenda. Seremala haulizwi amejisikiaje alipopigilia msumari. Anaulizwa kama kiti kinakalika.

Halafu kuna neno letu la huku bara, manju. Watu wa pwani wana malenga wao, sisi tuna manju, na manju hawezi kukaa dukani. Ni mtunzi, ni mwimbaji, ni kiongozi wa ngoma. Upande mmoja wa uwanja unasimama manju wako, upande wa pili manju wao, na kila mmoja anaimba kumshambulia mwenzake, watazamaji wakihama kumfuata mwenye nguvu. Mama alipokuwa msichana alizishuhudia ngoma hizo. Aliniambia manju hapimwi kwa wimbo aliokuja nao kutoka nyumbani. Anapimwa kwa jibu. Mwenzake akishamtupia neno, watu wote wananyamaza kusikia atarudisha nini, na asipokuwa na la kurudisha, uwanja unabaki mtupu upande wake. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona mmoja ameishiwa. Akasema ndiyo, na kwamba yule mtu alirudi kulima na hakuna aliyemzomea, ila hakuna aliyemwita manju tena.

Nilikwenda sekondari na hayo yote kwenye karatasi. Ukumbi ulijaa wasichana wa sare, wamepangwa kwenye mabenchi. Nilieleza mzizi wa Kiarabu, nikaeleza shanga na uzi, nikaeleza seremala wa Kigiriki, nikaeleza manju na uwanja wake. Niliwachekesha mara kadhaa. Niliona mdomo wangu unafanya kazi vizuri, kama mashine yangu ya kopi siku ambayo wino ni mpya. Mwisho msichana mmoja wa kidato cha juu akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Katika hao wote, wewe ni yupi?"

"Mtunzi," nikasema.

"Kwa nini si mshairi?"

"Kwa sababu kutunga shanga kunawezekana hata kama vidole vimekufa ganzi. Ukishajua tundu liko wapi, uzi unapita."

Wakapiga makofi. Mwalimu akaigeuza kauli ile kuwa swali la insha na kuiandika ubaoni. Nilikasirika, na hasira ile ilinishangaza, maana ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza kunigusa tangu ile simu. Nilikuwa nimewaambia kwamba sina kitu, nao wakapiga makofi kwa jinsi nilivyosema. Nikanywa soda yangu, nikashukuru, nikaondoka. Kufika dukani hasira nayo ilikuwa imekwisha.

Shairi la mama nililiandika dukani, kati ya mteja na mteja. Halikunichukua muda. Lilianza hivi:

Mama yetu umelala, nyumba yote kimya sana,
Umetuacha pahala, pasipo na neno tena.

Mizani ilitimia, vina vilitimia, kila ubeti ulifunga mlango wake vizuri. Nililisoma mara ya pili nikaona ungeweza kutoa mama ukaweka baba, na mizani isingepungua wala kuzidi. Ungeweza kuliuza kwa mtu yeyote wa Mtendeni aliyefiwa na yeyote. Nilijua mama angesema nini juu yake. Nikalichapa katika karatasi nzuri, ile nzito ya vyeti, nikalikunja na kulitia kwenye mkoba. Nilijua ni shairi baya na nilijua nitalisoma. Nilijua pia mama mdogo atalisikia atambue, kwa sababu hajasoma sana lakini si mjinga, na kwamba baada ya hapo nitapewa chakula changu kwa heshima kama wanavyopewa wageni. Nililifikiria hilo nikiwa nafunga duka. Halikuniuma. Hilo tu ndilo lililonitisha kidogo, kwamba halikuniuma.

Siku ya kumaliza msiba ilikuwa na jua jeupe na vumbi. Mchungaji aliendesha ibada fupi uani, akaomba, tukaitikia. Wapishi walikuwa nyuma ya nyumba na sufuria zao, na harufu ya nyama ya mbuzi iliwafanya watoto wasitulie. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge kipya. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda karibu naye, akanikaribisha maji. Ibada ilipokwisha akasimama, akawaambia watu, "Sasa mtoto wa marehemu atasema neno." Hakusema shairi. Alisema neno. Akakaa, akaweka mikono mapajani, akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya vyombo.

Nikasimama. Nikakunjua karatasi. Nikasikia mafuta yanachemka kwa wapishi.

Hapo mlango wa chumba cha mama ukafunguliwa, akatoka mama.

Alikuwa amevaa gauni lake la kijani na juu yake sweta la kahawia lenye kifungo kimoja, na amejifunga kilemba kwa upande kama mama alivyokuwa akijifunga. Alitembea kwa kuutanguliza mguu wa kulia na kuuvuta wa kushoto. Akakohoa kile kikohozi chake kifupi cha kuomba nafasi ya kusema. Kisha mtu mmoja kule nyuma akapiga ukelele, "Mgogo huyo! Mtani amerudi!" na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mtani wa mama alikuwa amefika alfajiri kutoka Dodoma, akajificha ndani na nguo za marehemu, akisubiri.

Na alikuwa anajua kazi. Alimfukuza mbuzi asiyekuwepo. Aliangalia viti vya plastiki akasonya, akakaa chini, kwa sababu mama hakuwahi kuviamini viti vya plastiki. Alimwambia mchungaji, kwa sauti ya mama, kwamba maombi yalikuwa marefu na marehemu alishafika zamani, sasa yanamfuata nini. Mchungaji alicheka akafunika uso kwa Biblia. Wanawake walikuwa wanalia kwa kucheka, wanashikana mabega, na mimi nikawa nimesimama katikati na karatasi yangu ya vyeti, nikimtazama. Niliona kwamba anafanya vizuri. Niliona hata kosa moja dogo, kwamba mama alikuwa anavuta mguu polepole zaidi.

Akaniona. Akanyanyuka.

Mtani akikujia hivyo msibani ni lazima umrudishie. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema jambo la kumtukana, kumwuliza kama amekuja kuomba chumvi kama kawaida ya watu wa kwao, naye angenijibu kwamba Mnyamwezi hata akivaa miwani ni mbeba mizigo tu, na watu wangecheka, na mambo yangekwenda. Tangu utoto wangu tumefanya hivyo, yeye na mimi. Hajawahi kuniamkia kwa adabu wala mimi sijawahi kumwamkia kwa adabu, ingawa ana umri wa mama yangu. Mtani hapewi shikamoo. Ukimpa umemfukuza katika utani.

Hakuja mpaka karibu. Alisimama mbali kidogo, akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa kiganja kitupu, akakiweka sikioni kama simu. Kisha akakitoa sikioni akakiweka mbele ya mdomo, mbali kabisa, na akapiga kelele ya mtu anayeita ng'ambo ya mto:

"Haloo! Haloo! Wewe wa Tabora! Unanisikia?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Hivyo ndivyo mama alivyopiga simu kila Jumapili baada ya ibada, amesimama uani palepale penye mtandao, Ipole nzima ikisikia.

"Haloo!"

"Shikamoo, mama," nikasema.

Sikuifikiria. Ilitoka kama ilivyotoka kila Jumapili, nikiwa na ufunguo mkononi au kijiko mdomoni. Kicheko kikakatika, kwanza cha waliokuwa mbele, halafu cha nyuma. Mtani alinitazama. Kiganja chake kilikuwa bado mbele ya mdomo. Angeweza kuniokoa kwa tusi lolote. Alikuwa nayo tele.

"Marahaba," akasema. Haikuwa kelele tena, na haikuwa sauti ya mama wala ya mzaha. "Umekula?"

Hilo ndilo mama alilouliza daima baada ya marahaba, kabla ya habari za kazi, kabla ya mvua, kabla ya nani amezaa na nani ameugua. Hakuna aliyemfundisha mtani swali lile. Alilisikia kwa miaka yote hiyo kupitia ua wa miti, akiwa upande wa pili anachambua mboga zake, akisubiri simu ikatwe ili amtukane mwenzake kwa kupiga kelele.

"Sijala," nikasema. "Mama, sijala."

Nikasikia ule mguu uliokufa ganzi unarudi. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kitu chote kilichokuwa kimelala kikaamka kwa pamoja na kila mahali pakaanza kuuma. Meno yaliuma. Kifua kiliuma. Nilijua kwamba Jumapili hakuna atakayenipigia, na nilijua kwa mwili mzima, nikakaa chini palepale. Sauti iliyonitoka haikuwa na vina. Nilisikia mbali kwamba mtani naye amekaa chini kwenye vumbi na sweta la mama, analia kwa Kigogo, jambo ambalo mtani hafanyi, jambo la aibu kwake, na hakuna aliyemcheka.

Karatasi sijui ilikwenda wapi. Hakuna aliyeiulizia.

Mama mdogo alikuja akapiga magoti mbele yangu na kitenge chake kipya. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, akanitazama sana, kama mtu anayehakikisha. Kisha machozi yake nayo yakaanza upya, akanivutia kifuani, akawaambia watu juu ya kichwa changu:

"Haya. Sasa dada yangu amekufa."